Mendoza, mkoa unaokunywa theluji

UKITAJA Argentina mbele ya Wakenya wengi, jambo la kwanza litakalowajia akilini ni kandanda. Watakutajia marehemu Diego Maradona, watakutajia Lionel Messi na Kombe la Dunia la mwaka 2022, na huenda walio na umri mkubwa wakakukumbusha mashindano ya 1978 ambapo Argentina ilikuwa mwenyeji na pia bingwa. Wachache mno watakutajia Mendoza. Hata hivyo, ni katika jiji hilo la Mendoza ambako Uskochi iliilaza Uholanzi mabao 3-2 katika mashindano hayo ya 1978, Uholanzi ile ile iliyofika fainali.

Lakini leo hatuzungumzii kabumbu. Tunazungumzia mkoa ambao mwanafunzi wa jiografia akiufahamu vyema atakuwa amepata somo zima la milima, upepo, mvua, mito na makazi ya watu. Mzazi anayepanga mitungi jikoni kwa sababu mifereji ya mtaa wake imekauka naye ana lake la kujifunza, kwa maana huko Mendoza swali la nani apate maji na nani akose ndilo lililoamua watu waishi wapi, wapande nini, na hata ni sheria gani serikali inaweza kupitisha na ni zipi haiwezi.

Mahali ulipo

Mendoza ni mmoja wa mikoa 23 ya Argentina. Uko magharibi kabisa mwa nchi, umeegemea milima ya Andes, na ng'ambo ya milima hiyo ni nchi ya Chile. Kaskazini umepakana na mkoa wa San Juan, mashariki na San Luis, kusini mashariki na La Pampa na upande wa kusini na Neuquén. Ukubwa wake ni kilomita mraba 148,827, yaani kama robo ya nchi yetu ya Kenya. Umegawanywa katika wilaya 18.

Kutoka mji mkuu wa taifa, Buenos Aires, hadi jiji la Mendoza ni safari ya kilomita 1,050 hivi kwa barabara. Kutoka Mendoza hadi Santiago, mji mkuu wa Chile, ni kilomita 360 hivi, ingawa lazima msafiri apande Andes kwanza. Kwa sababu ya ukaribu huo, Wahispania walioanzisha jiji hilo mnamo Machi 2, 1561 hawakutoka Buenos Aires bali walitoka Chile, wakiongozwa na Pedro del Castillo. Waliliita kwa jina la gavana wao wa Chile, García Hurtado de Mendoza. Eneo hilo liliendelea kutawaliwa kutoka Chile hadi mwaka 1776.

Leo malori yanayobeba bidhaa kati ya nchi hizo mbili hupitia handaki la Cristo Redentor, lililofunguliwa mwaka 1980 kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,000. Theluji ikianguka kwa wingi, njia hufungwa na malori hupanga foleni ndefu yakisubiri.

Kwa wale wanaopenda kulinganisha saa, Mendoza iko nyuma yetu kwa saa sita. Sisi tunapokaa kwa chakula cha mchana saa saba, wao ndio kwanza wanaamka, ni saa moja ya asubuhi.

Kutoka kileleni hadi mbugani

Njia rahisi ya kuuelewa mkoa huu ni kuufikiria kama paa la nyumba lililoinama kutoka magharibi kwenda mashariki. Juu kabisa ya paa ni Andes. Hapo ndipo ulipo mlima Aconcagua, wenye kimo cha mita 6,961, mrefu kuliko yote katika bara la Amerika, kaskazini na kusini. Unauzidi Kilimanjaro kwa zaidi ya mita elfu moja. Mtu wa kwanza anayejulikana kufika kileleni ni Mswisi, Matthias Zurbriggen, mnamo Januari 1897.

Ukishuka kutoka Andes unakutana na vilima vya chini, kisha ardhi inatandazika kuwa uwanda mkavu wenye mchanga, miiba na vichaka, unaoteremka polepole hadi Mto Desaguadero kwenye mpaka wa mashariki. Jiji la Mendoza lenyewe liko hapo milima inapoishia na uwanda kuanza, kama mita 750 juu ya usawa wa bahari.

Upande wa kusini, katika wilaya ya Malargüe, mandhari hubadilika kabisa. Kuna eneo liitwalo Payunia ambalo lina volkeno zaidi ya 800, nyingi zikiwa zimezimika, na ardhi nyeusi ya majivu na mawe yaliyoyeyuka zamani. Katika anga hiyo safi isiyo na moshi wala taa za mji, wanasayansi kutoka nchi nyingi wameweka mapipa ya maji zaidi ya 1,600 yaliyotapakaa katika kilomita mraba 3,000. Kwa mapipa hayo hupima chembechembe zenye nguvu nyingi zinazotoka mbali angani. Kituo hicho hujulikana kama Pierre Auger.

Ni katika milima ya Malargüe pia ambako ndege iliyobeba timu ya raga kutoka Uruguay, pamoja na jamaa na marafiki, ilianguka Oktoba 13, 1972. Ilikuwa imeondoka Mendoza siku hiyo hiyo ikielekea Chile. Kati ya watu 45 waliokuwemo, ni 16 tu waliotoka hai baada ya siku 72 katika theluji. Kisa hicho kimeandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu zaidi ya moja.

Kwa nini mvua ni haba

Mwanafunzi atauliza: ikiwa milima hiyo ina theluji tele, mbona chini yake ni jangwa?

Jibu liko katika upepo. Upepo wenye unyevu huvuma kutoka Bahari ya Pasifiki, upande wa Chile. Ukifika kwenye Andes hulazimika kupanda. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, na hewa ikipoa haiwezi kuushikilia unyevu wake. Basi huutua huko huko juu, kama mvua na theluji. Unapovuka na kuanza kuteremka upande wa Mendoza, hauna kitu tena. Mlima umeunyang'anya mzigo wote.

Matokeo yake ni kwamba jiji la Mendoza hupata mvua ya milimita 200 na kidogo tu kwa mwaka mzima. Hicho ni kiasi kinachokaribiana na kile cha Lodwar. Hata hiyo kidogo huja wakati wa kiangazi chao, kuanzia Oktoba hadi Machi, mara nyingi kwa dhoruba fupi zinazoandamana na mvua ya mawe. Mkulima wa zabibu anaweza kupoteza mavuno ya mwaka mzima kwa dakika 10 za mvua ya mawe. Ndiyo sababu mashamba mengi huko hufunikwa kwa nyavu.

Upepo huo uliokwisha kunyang'anywa maji una jina lake. Wenyeji huuita Zonda. Hewa kavu ikiteremka mlimani hupata joto la digrii moja hivi kwa kila mita 100, na kwa hivyo ikishafika chini huwa kama pumzi ya tanuri. Zonda huvuma zaidi kati ya Mei na Novemba, yaani hata katikati ya baridi. Mtu anaweza kuamka asubuhi amevaa sweta na kufikia adhuhuri akawa anatokwa jasho, macho yamejaa vumbi. Shule hufungwa, miti huanguka juu ya nyaya za umeme, na mioto huenea upesi vichakani.

Mbali na siku za Zonda, majira ni rahisi kuyafuata. Desemba hadi Februari ni joto kali, ambapo mchana hufikia digrii 30 na zaidi. Juni hadi Agosti ni baridi, na usiku mwingi umande huganda juu ya majani. Wakati huo wa baridi ndio muhimu kuliko yote, kwa kuwa ndipo theluji inapojaza milima. Theluji hiyo ndiyo akiba ya mkoa. Joto linaporudi mwezi wa Oktoba na Novemba, huanza kuyeyuka na kujaza mito mitano inayolisha mkoa: Mendoza, Tunuyán, Diamante, Atuel na Malargüe. Kwa bahati njema, maji huwa mengi mitoni wakati ule ule mimea inapoyahitaji zaidi.

Kwa kifupi, watu wa Mendoza hawanywi mvua. Wanakunywa theluji.

Mifereji ya Wahuarpe

Wahispania hawakuwa wa kwanza kuligundua jambo hilo. Waliwakuta Wahuarpe, wenyeji wa eneo hilo, tayari wakiwa na mifereji iliyochepua maji ya mto na kuyapeleka kwenye mashamba ya mahindi, maharagwe na maboga. Wainka wa Peru walikuwa wamefika pia kabla ya Wahispania na ujuzi wao wa kumwagilia mashamba. Wageni waliofuata waliipanua mifereji hiyo, na baadhi ya njia za maji zinazopita katika jiji la leo zina asili yake katika kazi ya Wahuarpe.

Wahuarpe wenyewe hawakupata malipo mema. Wengi walikamatwa na kuvushwa Andes kwa miguu kwenda kufanyishwa kazi kwa nguvu huko Chile, na wengi hawakurudi.

Machi 20, 1861 tetemeko la ardhi liliuangusha mji wote. Nyumba zilikuwa za matofali ya udongo na mitaa ilikuwa myembamba. Maelfu ya watu walikufa chini ya kuta na katika moto uliofuata. Mpaka leo magofu ya kanisa la San Francisco yameachwa yasimame kama ukumbusho.

Mji mpya ulichorwa kando ya ule wa zamani, na walioupanga walikuwa wamejifunza. Barabara zilifanywa pana, ili nyumba zikianguka watu wapate pa kukimbilia. Katikati uliwekwa uwanja mkubwa wa wazi, na kuuzunguka vikawekwa vinne vingine vidogo. Kando ya kila barabara ulichimbwa mtaro wa maji, na kandokando ya mtaro ikapandwa miti: miforsadi, milosi na mingineyo. Ndiyo sababu mgeni akilitazama jiji kutoka juu hudhani yuko katika nchi ya mvua, kumbe kila mti anaouona unakunywa maji yaliyoletwa na mkono wa binadamu. Mtaro ukizibwa kwa mwezi mmoja wa kiangazi, miti ya mtaa huo huanza kukauka.

Watu wake ni akina nani

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Mendoza ina watu milioni 2 na ushei. Katika sensa ya 2010 walikuwa 1,738,929. Ukiwagawanya sawasawa katika ardhi yote, utapata watu 13 au 14 kwa kila kilomita mraba. Lakini hesabu hiyo humdanganya msomaji, kwa sababu hakuna anayeishi sawasawa.

Sehemu inayomwagiliwa maji ni takriban asilimia 4 tu ya mkoa. Humo, katika hiyo asilimia 4, ndimo wanamoishi zaidi ya watu 9 katika kila 10. Kuna ukanda wa kaskazini unaolishwa na mito ya Mendoza na Tunuyán, ambamo jiji kuu na vitongoji vyake vya Godoy Cruz, Guaymallén, Las Heras, Maipú na Luján de Cuyo vina zaidi ya nusu ya wakazi wote wa mkoa. Kuna Bonde la Uco, lililo karibu zaidi na milima. Na kuna ukanda wa kusini, San Rafael na General Alvear, unaolishwa na Diamante na Atuel. Kwa upande mwingine, wilaya ya Malargüe ina zaidi ya kilomita mraba 41,000, lakini mwaka 2010 ilikuwa na watu 27,660 pekee. Huko unaweza kusafiri nusu siku ukutane na mbuzi wengi kuliko watu.

Reli kutoka Buenos Aires ilifika mwaka 1885, na ndiyo iliyobadilisha sura ya watu wa mkoa. Ilileta maelfu ya Waitaliano na Wahispania, na baadaye Waarabu kutoka Syria na Lebanon. Wengi wa Waitaliano na Wahispania hao walitoka sehemu zinazolima zabibu, na walikuta mche uliokwisha kufika kabla yao: zabibu nyeusi aina ya Malbec, iliyoletwa mnamo 1853 na mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget. Leo mkoa huu hutoa sehemu kubwa zaidi ya mvinyo wote wa Argentina, na kila mwaka, mapema mwezi wa Machi, jiji zima husimama kwa sherehe ya mavuno iliyoanzishwa rasmi mwaka 1936. Mbali na zabibu kuna mizeituni, pichi, plamu, nyanya na vitunguu saumu. Kazi ya kuchuma na kupanda hufanywa kwa kiasi kikubwa na vibarua kutoka kaskazini mwa Argentina na familia zilizohamia kutoka Bolivia.

Kuna kundi jingine ambalo msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita kimya. Wakati wa ukoloni walikuwepo Mendoza watumwa wengi wenye asili ya Afrika, waliopitishwa Buenos Aires. Wengi wa walioingizwa katika bandari hiyo walitoka Angola na hata pwani ya Msumbiji. Jenerali José de San Martín alipokuwa akikusanya jeshi mjini humo kwa ajili ya kuikomboa Chile, mamia yao walichukuliwa kutoka kwa mabwana zao na kuahidiwa uhuru wakitumika jeshini. Batalioni ya 7 na ya 8 za askari wa miguu ziliundwa hasa na watu hao. Mnamo Januari 1817 walivuka Andes, na Februari 12 walishiriki vita vya Chacabuco vilivyoifungua njia ya Santiago. Kutoka hapo wengi waliendelea hadi Peru. Ni wachache waliorudi nyumbani kuuonja uhuru walioahidiwa.

Zamu ya maji

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Maji ni machache na watu ni wengi. Yanagawanywaje bila watu kupigana?

Mendoza ina sheria ya maji iliyotungwa mwaka 1884, na misingi yake inafuatwa mpaka leo. Kulingana nayo, haki ya maji haitengani na ardhi. Mtu akiuza shamba, haki ya maji huenda na shamba. Hawezi kubaki na maji akayauzia tajiri wa mbali, wala tajiri hawezi kununua maji ya kijiji kizima na kuacha mashamba yakauke. Hapo Mendoza hutofautiana na jirani yake Chile, ambako sheria ya mwaka 1981 iliruhusu haki ya maji kuuzwa peke yake kama bidhaa nyingine yoyote.

Juu ya mfumo huo iko idara maalumu ya umwagiliaji, ambayo ina bajeti yake na haiko chini ya wizara yoyote. Chini yake, katika kila mfereji, wakulima wenyewe humchagua mkaguzi kwa kura. Kisha kuna mtu ambaye kila mkulima anamjua, anayeitwa tomero. Kazi yake ni kuzunguka kwenye malango ya mifereji akifungua hapa na kufunga pale kulingana na orodha ya zamu. Zamu yako inaweza kuwa saa nane za usiku, tena katika baridi. Ukilala, maji yatapita kwako yaende kwa jirani, na utasubiri mpaka duru nyingine.

Mfumo huo una ubora wake, kwani mdogo na mkubwa wote wameandikwa katika daftari moja. Lakini una mapungufu pia. Mwenye fedha anaweza kuchimba kisima kirefu na kufunga pampu, ilhali asiye nazo hungoja zamu tu. Na aliyeandikwa zamani ana hakika ya maji kuliko aliyekuja jana.

Walio mwisho wa mfereji

Wahenga walisema mla ndizi husahau, mtupa ganda hasahau. Kama Mendoza ni hadithi ya ushindi juu ya jangwa, basi waulizwe pia waliolipa gharama.

Kaskazini mashariki mwa mkoa, katika wilaya ya Lavalle, palikuwa na maziwa yaitwayo Guanacache. Wahuarpe waliokimbilia huko waliishi kwa uvuvi, wakisafiri kwa mitumbwi ya matete, na samaki wao waliuzwa mjini. Kadiri mashamba ya juu yalivyoongezeka ndivyo maji yaliyofika huko yalivyopungua. Katika karne ya 20 maziwa hayo yalikauka kwa sehemu kubwa. Wajukuu wa wavuvi leo ni wafugaji wa mbuzi, na visima vyao vina maji ya chumvi na, mahali pengine, yenye arseniki, ambayo ni sumu. Mwaka 1999 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye umuhimu, na mwaka 2001 mkoa ulipitisha sheria ya kuzitambua ardhi za jamii hizo. Lakini sheria hairudishi samaki.

Kusini nako kuna kesi iliyodumu miongo mingi. Mto Atuel zamani uliendelea hadi mkoa wa La Pampa. Katika miaka ya 1940 lilijengwa bwawa la El Nihuil, na maji yakaishia kwa wakulima na mitambo ya umeme ya Mendoza. Wafugaji wa magharibi mwa La Pampa waliona mto ukigeuka mchanga, nao wakahama. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Argentina iliamua kwamba mto huo ni mali ya mikoa yote miwili. Mnamo Julai 2020 iliagiza kwamba, kwa kuanzia, angalau mita za ujazo 3.2 kwa sekunde zifike mpakani. Mendoza hujibu kwamba hata yenyewe haina ya kutosha.

Desemba ya 2019

Mtu anayetaka kujua watu hao wanayathamini maji kiasi gani na aangalie yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2019.

Andes ina dhahabu na shaba, na makampuni ya madini yamekuwa yakiitamani kwa muda mrefu. Mnamo Juni 2007, baada ya maandamano ya wakulima na wakazi, bunge la mkoa lilipitisha sheria nambari 7722. Sheria hiyo ilipiga marufuku matumizi ya sianidi, zebaki, asidi ya salfuriki na sumu nyinginezo katika uchimbaji wa madini. Hoja ilikuwa moja: migodi iko juu, watu wako chini, na maji hayapandi mlima.

Desemba 20, 2019, wakati uchumi wa nchi ulikuwa taabani na serikali ikitafuta ajira na mapato, bunge lilikubali kuilegeza sheria hiyo. Waliounga mkono walisema kwamba mkoa hauwezi kuishi kwa zabibu peke yake, na kwamba vijana wanahitaji kazi. Hiyo haikuwa hoja ya kupuuzwa, maana umaskini ulikuwa wa kweli. Lakini maelfu kwa maelfu waliingia barabarani. Wengine walitembea kutoka San Carlos, katika Bonde la Uco, usiku na mchana hadi jijini, zaidi ya kilomita 100. Mabango yao yalisema kwamba maji ya Mendoza hayauzwi wala hayajadiliwi. Palikuwa na gesi ya kutoa machozi na risasi za mpira. Mnamo Desemba 30, siku 10 tu baada ya kuibadilisha, bunge hilo hilo lilikutana tena na kuirudisha sheria kama ilivyokuwa. Mvutano kuhusu migodi haukuishia hapo, lakini hakuna mwanasiasa wa Mendoza aliyeisahau Desemba hiyo.

Akiba inapopungua

Hofu kubwa zaidi, hata hivyo, haitoki kwa mwenye mgodi wala kwa jirani wa La Pampa. Inatoka juu. Tangu mwaka 2010 Andes ya kati, pande zote mbili za mpaka, ilianza kukumbwa na ukame mrefu usio wa kawaida, ambapo baridi nyingi zilipita na theluji kidogo. Mwaka baada ya mwaka mkoa ulilazimika kutangaza hali ya dharura ya maji, na zamu za wakulima zikafupishwa.

Katika miaka kama hiyo husaidia barafu ya kudumu, ile iliyojikusanya milimani kwa karne nyingi. Theluji ya mwaka ikikosekana, barafu hiyo huyeyuka kidogo kidogo na kuuokoa mto usikauke. Mwaka 2010 Argentina ilipitisha sheria ya kuilinda, na taasisi iliyo jijini Mendoza ikapewa kazi ya kuihesabu nchi nzima. Hesabu hiyo, iliyotolewa mwaka 2018, iliorodhesha sehemu 16,968 za barafu. Tatizo ni kwamba joto la dunia linazidi, na nyingi za barafu hizo zinapungua. Msomaji anayekumbuka picha za zamani za Mlima Kenya na Kilimanjaro anajua tunazungumzia nini.

Basi wakulima wa Mendoza wanabadilika. Wengine wameacha kufurika mashamba kwa maji ya mfereji na kutandaza mipira inayodondosha maji tone kwa tone kwenye shina la mzabibu. Wengine wamepanda juu zaidi kuelekea milima, kutafuta baridi. Na wengine, hasa wenye mashamba madogo karibu na jiji, wameona bei ya ardhi ikipanda wakauza, na palipokuwa na zabibu pamejengwa nyumba. Wenye nyumba hizo nao wanataka maji.

Hapo ndipo mkoa huu ulipofika. Ulijengwa kwa kanuni kwamba kila mmoja angojee zamu yake na maji yatafika. Kwa zaidi ya miaka 130 kanuni hiyo imewalisha watu na kukipa kivuli kila kipembe cha jiji. Swali linalowakabili watoto wa Mendoza walio shuleni leo ni kama wataweza kugawana kidogo kwa haki ile ile ambayo babu zao waligawana kingi, na kama safari hii watawakumbuka pia walio mwisho wa mfereji. Jioni wakitoka shuleni, wenye kutaka kujua mwaka ujao utakuwaje hawaangalii mawingu. Huinua macho upande wa magharibi, wakatazama weupe ulioko juu ya Andes umeshuka hadi wapi.